Kosa Linalotoka Mbali: Ionosfera na Vipimo vya Anga ya Chukwani

Setilaiti ya GPS inapozama upande wa pili wa dunia, mawimbi yake huipenya angahewa kabla ya kupokelewa na setilaiti nyingine iliyo chini zaidi, na humo njiani hupinda. Kutokana na mpindo huo tunakokotoa joto na unyevu, tabaka baada ya tabaka. Karibu na ardhi mpindo hufikia kama radiani 0.02, kwenye kimo cha kilomita 60 zimebaki mikroradiani chache tu, na hapo elektroni za ionosfera, tabaka la juu la angahewa, huweza kuufunika mchango wa hewa yenyewe.

Njia iliyozoeleka ya kuziondoa, waliyoieleza Vorob'ev na Krasil'nikova mwaka 1994, hutumia masafa mawili, MHz 1575.42 na MHz 1227.60. Mpindo wa kwanza huzidishwa kwa 2.546, kisha hutolewa mpindo wa pili uliozidishwa kwa 1.546. Hesabu ni nyepesi, ila kelele za kipimo huongezeka karibu mara tatu, na miali miwili haipiti njia moja hasa. Kosa linalosalia hukua kwa mraba wa tofauti ya mipindo hiyo. Mwaka 2015 Healy na Culverwell walipendekeza lifidiwe kwa kizidishi kimoja, kapa, chenye thamani ya kama 14 kwa radiani.

Kwa Afrika Mashariki kapa moja haitoshi. Sababu inayokuja haraka akilini ni kwamba Unguja iko takriban digrii 15 kusini ya ikweta ya sumaku, ambayo hupita Ethiopia. Mchana elektroni hunyanyuliwa juu ya ikweta hiyo, zikateremka kufuata mistari ya sumaku na kurundikana kaskazini na kusini yake. Rundo la kusini liko juu yetu. Basi, husemwa, kipimo cha Chukwani, hapa Unguja, kinaharibiwa na anga ya Chukwani.

Jiometri inakataa. Chukua mwali ambao sehemu yake ya chini kabisa iko kilomita 50 juu ya Chukwani. Ili ufike kimo cha kilomita 300, ambako elektroni ni nyingi, unahitaji kwenda takriban kilomita 1,800 kila upande. Ukielekea kaskazini–kusini, utalikata tabaka hilo juu ya Ethiopia, penye bonde kati ya marundo mawili, na juu ya Mlango wa Msumbiji, karibu na latitudo 22 kusini, nje ya rundo letu. Ukielekea mashariki–magharibi, utalikata karibu na Ushelisheli na karibu na Mbuji-Mayi, katika eneo la Kasai nchini Kongo, yaani ndani ya rundo mara mbili. Na saa za jua za ncha hizo hupishana kwa zaidi ya saa mbili. Magharibi ikiingia Ushelisheli, Kasai bado ni alasiri. Sehemu ile ile, dakika ile ile, makosa mawili tofauti.

Itajibiwa kwamba wastani wa mwezi huyafuta hayo. Hauyafuti, kwa sababu kosa la mraba kwa kawaida huvuta upande mmoja: hupunguza mpindo. Isitoshe, setilaiti sita za COSMIC-2, zinazofanya vipimo hivi na zilizorushwa Juni 2019, huzunguka kwa mwinamo wa digrii 24, na kwa hiyo miali yake mingi huegemea mashariki–magharibi. Kwa utabiri wa masika athari ya kosa hili ni ndogo, maana mvua hutengenezwa chini sana. Anayefuatilia joto la stratosfera kwa miongo ndiye wa kujihadhari: elektroni hupanda na kushuka na mzunguko wa jua wa miaka 11 hivi, na kilele cha 2014 au cha 2024 kinaweza kusomwa kama badiliko la tabianchi.

Kapa ihesabiwe kwa kila ncha ya mwali peke yake, kwa saa ya jua ya pale, na setilaiti ya chini ihesabiwe kuwa bado imo ndani ya ionosfera. Hapo kipokezi cha GPS kikiwekwa juu ya paa la chuo kikuu cha Chukwani kitasahihisha zaidi vipimo vya Ushelisheli na Kasai kuliko vya Unguja. Vya Unguja vitahitaji takwimu za Addis Ababa, Ushelisheli na Kongo, zikitolewa bila kusubiri mradi wa wafadhili kumalizika.