Kiumbe cha Tope la Urbana

Mwaka 1971, katika mji wa Urbana, jimbo la Illinois nchini Marekani, tope la maji taka lilipelekwa maabara na kuwekwa kwenye joto la kuunguza mkono. Gregory Zeikus, akiwa na Ralph Wolfe wa Chuo Kikuu cha Illinois, alikuwa akisaka vijidudu vinavyotengeneza methani, gesi ileile inayowaka kwenye majiko ya biogesi. Akapata kimoja chenye umbo la kijiti, kilichostawi kwenye nyuzi joto 65 hadi 70 za Selsiasi na kugoma kukua chini ya 40. Mwaka 1972 wakakitangaza kuwa bakteria mpya, Methanobacterium thermoautotrophicus. Aina waliyoipata ikaitwa Delta H.

Kukipata ni jambo moja, kukifuga ni jingine. Oksijeni ni sumu kwake, na chakula chake ni gesi tupu: haidrojeni na kabonidioksidi. Kila kinapokula, sehemu tano za gesi hizo hutoa sehemu moja tu ya methani. Kwa hiyo shinikizo ndani ya chupa hushuka, na kizibo kikilegea kidogo hewa ya nje hufyonzwa ndani. Kazi ya siku nyingi ikapotea.

Mwanafunzi wa Wolfe, William Balch, ndiye aliyelitatua hilo. Mwaka 1976 yeye na Wolfe walieleza mbinu ya kutumia chupa yenye kizibo kinene cha mpira kilichobanwa kwa pete ya alumini, gesi ikishindiliwa humo kwa sindano. Vitabu humsahau Balch, na naona si haki, maana bila chupa ile yaliyofuata yangechelewa sana.

Carl Woese, wa chuo hichohicho, alikuwa akipanga nasaba za vijidudu kwa kulinganisha RNA ya ribosomu zao. Alihitaji vilishwe fosforasi yenye mnururisho, na hakuna anayetaka kuchezea kitu hicho katika chombo kinachovuja. Chupa za Balch zikafungua njia. RNA ya Delta H ikakatwa vipande, vipande vikatandazwa, na filamu ikaonyesha madoa meusi. Woese alizoea kuyasoma madoa hayo kama mtu asomavyo gazeti. Safari hii yale ya kawaida ya bakteria hayakuwepo. Akarudia jaribio. Hayakuwepo tena.

Mwaka 1977 Woese na mwenzake George Fox wakatangaza kwamba watengeneza methani si bakteria hata kidogo. Ni tawi la tatu la uhai, ambalo leo huitwa akea. Habari ikatoka ukurasa wa mbele wa New York Times tarehe 3 Novemba. Wanasayansi wengi walicheka. Wolfe alisimulia baadaye kwamba Salvador Luria, mshindi wa Tuzo ya Nobel, alimpigia simu kumsihi ajitenge na upuuzi huo kabla haujamharibia kazi.

Wolfe hakujitenga, na muda ukampa haki. Jenomu ya Delta H ilipochapishwa mwaka 1997, ikiwa na herufi 1,751,377 za DNA, nyenzo zake za kunakili DNA na kusoma jeni zilionekana kufanana zaidi na zetu sisi binadamu kuliko na za bakteria.