Viwanja vya Nyumbani vya Dodoma Jiji

Viwanja vya nyumbani vya Dodoma Jiji FC, klabu ya kandanda inayomilikiwa na Halmashauri ya Jiji la Dodoma, ni Uwanja wa Jamhuri ulio jijini humo pamoja na viwanja vya mikoa jirani, hasa Liti wa Singida, ambavyo klabu imevitumia pale Jamhuri ulipokuwa haupatikani. Katika soka la Tanzania uwanja wa nyumbani ni ule ambao klabu imeuandikisha kwa wasimamizi wa ligi ili timu pinzani zije kucheza hapo, na si lazima uwe mali ya klabu. Azam ya Chamazi, inayochezea uwanja wake yenyewe, ni mfano wa wachache. Dodoma Jiji ni mpangaji, na hali hiyo ya upangaji ndiyo inayoeleza mambo mengi kuhusu mahali inapochezea.

Uwanja wa Jamhuri wa Dodoma, ambao usichanganywe na Jamhuri wa Morogoro, ni miongoni mwa viwanja vinavyomilikiwa na Chama cha Mapinduzi (CCM) katika mikoa mingi ya Tanzania Bara, kundi ambalo lina pia Kirumba wa Mwanza, Sokoine wa Mbeya na Ali Hassan Mwinyi wa Tabora. Viwanja hivyo ni urithi wa enzi za chama kimoja, wakati michango ya wananchi, nguvukazi na fedha za umma vilipitia mikononi mwa chama kilichoshika hatamu bila mtu kuona haja ya kutenganisha mali ya chama na ya serikali. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, viwanja vilibaki kwa CCM, na hoja kwamba vingepaswa kurudi serikalini au kwenye halmashauri imejitokeza bungeni zaidi ya mara moja bila kubadili hati. Kwa Dodoma matokeo yake ni ya ajabu kidogo: timu ni ya halmashauri, lakini uwanja inaouita wa nyumbani ni wa chama cha siasa.

Kabla ya klabu hii, Jamhuri ulikuwa makazi ya timu za taasisi zilizozaliwa na uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, kama Waziri Mkuu na CDA, iliyobeba jina la Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na baadaye Polisi. Timu za aina hiyo hutegemea bajeti ya ofisi iliyozianzisha, kwa hiyo hupanda na kushuka pamoja nayo. Klabu ya sasa iliitwa Dodoma FC, ikachukua jina la Dodoma Jiji baada ya mji kupandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020 pamoja na Gwambina na Ihefu. Jina lake la utani, Walima Zabibu, linatokana na zao linalostawi katika ukame wa Ugogo, yaani nchi ya Wagogo, hasa maeneo ya Hombolo, na ambalo huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Tangazo la mwaka 2018 la kuupandisha mji hadhi lilitolewa katika Uwanja wa Jamhuri, kwenye sherehe za Muungano, na kwa Watanzania wengi Jamhuri hujulikana zaidi kwa shughuli za dola kuliko kwa mpira. Hapo ndipo Rais John Magufuli alipoapishwa kwa muhula wa pili tarehe 5 Novemba 2020, na ni hapo viongozi wa nchi mbalimbali za Afrika walipokusanyika tarehe 22 Machi 2021 kumuaga baada ya kifo chake. Shughuli za namna hiyo huja na gwaride, mahema na maelfu ya watu ambao hukanyaga nyasi zilezile zinazotakiwa kuwa tayari kwa mechi.

Nyasi hizo zina shida zake hata bila gwaride. Dodoma ipo kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hupata mvua ya wastani wa milimita 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Ligi huanza Agosti au karibu na hapo, ndani ya kiangazi, kwa hiyo miezi ya mwanzo ya msimu uwanja huishi kwa maji ya kumwagilia katika jiji ambalo kwa miongo mingi limetegemea visima vya Mzakwe. Eneo la mbele ya magoli ndilo huanza kupoteza rangi, kisha udongo hujitokeza kwenye duara la katikati, na upepo wa Dodoma, ambao wageni hulalamikia zaidi kuliko jua, huinua vumbi na kubadili mwendo wa mpira wa juu. Masika yanapoingia tatizo hugeuka kuwa la maji kutuama. Mtunza uwanja wa Dar es Salaam ana udhuru mchache kuliko mwenzake wa Dodoma, na lawama wanazopata wote wawili hazizingatii tofauti hiyo.

Uwanja usiporidhisha, Bodi ya Ligi huufungia, yaani huuondolea ruhusa ya kuchezewa mechi za ligi mpaka urekebishwe, na mwenyeji hulazimika kutafuta pengine pa kwenda. Liti, ambao zamani uliitwa Namfua na sasa una jina la mwanamke shujaa wa Wanyaturu anayekumbukwa kwa kuwapinga Wajerumani, uko kilomita zipatazo 240 kaskazini-magharibi kwa barabara ya lami. Novemba 2022 Dodoma Jiji iliikaribisha Yanga huko na si Dodoma. Mechi ya aina hiyo huiumiza klabu ndogo kuliko inavyoonekana kwenye msimamo wa ligi, kwa sababu mapato ya mlangoni, yaani fedha za tiketi zinazobaki kwa mwenyeji baada ya makato, hutegemea sana ujio wa Simba na Yanga, klabu mbili kubwa za Dar es Salaam.

Hata zinapochezwa Jamhuri, mechi dhidi ya klabu hizo mbili huifanya Dodoma Jiji ionekane mgeni. Mzunguko, kama yanavyoitwa majukwaa ya bei nafuu yanayouzunguka uwanja, hujaa nyekundu ya Simba au kijani na njano ya Yanga, na wengi wa waliovaa rangi hizo ni wakazi wa Dodoma wenyewe, wakiwemo watumishi wa umma waliohamishwa na wizara zao kutoka Dar es Salaam. Tangu treni ya reli ya kisasa ianze kubeba abiria hadi Dodoma mwezi Julai 2024, shabiki wa Dar es Salaam naye anaweza kuwasili siku ya mechi.

Ahadi ya uwanja mpya ilianza mwaka 2016, Mfalme Mohammed VI wa Morocco alipozuru Tanzania na kukubali kusaidia kuujenga makao makuu. Miaka ilipita bila jengo, kisha serikali ikaanzisha mradi wake wa uwanja wa watazamaji wapatao 32,000 jijini humo. Uwanja huo utakuwa mali ya serikali, na klabu ya halmashauri, ikihamia huko, itakuwa imebadili mwenye nyumba tu.