Buyenzi: Mtaa wa Waswahili Mjini Bujumbura

Mwenye kutaka kuijua historia ya Kiswahili nchini Burundi hana lazima ya kuanzia maktabani. Na atoke kwa miguu katikati ya mji wa Bujumbura, aelekee kaskazini, na kabla ya kuuvuka Mto Ntahangwa atakuwa Buyenzi.

Jambo la kwanza tulilolitambua humo ni unyofu wa njia. Barabara zimepangwa sambamba, nazo hazikupewa majina bali nambari. Mpango huo una sababu yake. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, walifuatana na askari na wapagazi. Wakaja pia wafanyabiashara kutoka Ujiji, Manyema na pwani. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916, waliwakuta watu hao wamekwisha kuwa wenyeji wa mji. Hata hivyo, waliwahesabu kuwa wageni wasiofaa kuchanganyika na watu wa milimani, wakawapimia viwanja mahali pao peke yao. Nambari tunazozisoma leo ni alama za utawala uliotaka kujua kila mtu yuko wapi.

Lakini wakazi waliufanya mtaa kuwa wao. Tulipita misikiti, gereji ambamo mafundi hufufua magari yaliyokatiwa tamaa, na soko la Ruvumera, ambalo ni miongoni mwa masoko yaliyowapokea wachuuzi baada ya soko kuu la mji kuteketea Januari 2013. Kirundi na Kifaransa husikika pia, ila mapatano ya bei huanza na kumalizika kwa Kiswahili.

Hapana budi kusema kwamba jina la Mswahili halikuwa la heshima daima. Wapo Warundi waliolitumia kwa maana ya mjanja au mwongo, mtu asiye na asili. Basi na tuzingatie yaliyotokea baadaye. Katika vita vilivyoanza mwaka 1993, mitaa kadhaa ya Bujumbura iligawanyika, hii ya Wahutu, ile ya Watutsi. Buyenzi ilibaki ya mchanganyiko, na watu wa pande zote mbili walipata hifadhi humo. Wale walioambiwa hawana asili ndio waliokataa kumuuliza jirani asili yake.

Leo Kiswahili kinafundishwa katika shule za Burundi, na mara nyingi mwanafunzi hukipokea kama lugha iliyoletwa juzi kutoka ng'ambo ya ziwa. Sisi walimu tusiliache kosa hilo lidumu. Tuwaongoze wanafunzi wetu katika barabara hizo zenye nambari, wawasikilize wazee, waandike wanayoyasikia. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na mengi wanayoyajua hayamo katika kitabu chochote cha darasani.