Mzunguko wa Ruvubu: Njia ya Miguu Kutoka Murusagamba Hadi Rusumo

Bonde la Ruvubu, katika Wilaya ya Ngara, linazungukika kwa miguu. Anayetoka Murusagamba, kusini mwa wilaya, jirani na Burundi, hushuka vilima vya Bushubi kuelekea mtoni, kisha huufuata mto upande wa kaskazini hadi unapokutana na maji yatokayo Rwanda, karibu na maporomoko ya Rusumo. Kurudi ni kwa upande wa juu, kupitia Kasulo na Rulenge. Ni mwendo wa siku kadhaa. Vijia vinavyounda mzunguko huo ni vya shambani, vya kisimani, vya mnadani na vya kanisani. Hakuna aliyevichonga kwa ajili ya matembezi.

Umeme wa Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, umeyarudisha makutano hayo ya mito katika habari. Historia yake ya nyuma husimuliwa mara chache, ingawa hapo ndipo lilipopimwa kwa macho na kwa vyombo swali lililowasumbua wasafiri wa karne ya 19: Mto Nile unaanzia wapi?

Ruvubu huanzia kwenye nyanda za juu za Burundi. Kwa Kirundi kiboko huitwa imvubu, na jina la mto limembeba mnyama huyo. Kwa kipande fulani mto ndio mpaka wa nchi mbili, kisha huingia Ngara na kuigawa: Bugufi ya Wahangaza iko magharibi, Bushubi ya Washubi iko mashariki. Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, kwa hiyo mtu wa ukingo mmoja husikilizana na wa ukingo wa pili bila mkalimani. Sehemu nyingi za bonde zimejaa mafunjo na matope yasiyobeba mguu. Ndiyo maana njia ya mtoni mara nyingi haiko mtoni: hukaa kwenye mgongo wa kilima na kushuka penye kivuko tu, palipo na ardhi ngumu na mtumbwi.

Kabla ya ukoloni vijia hivyo vilikuwa matawi ya njia za biashara. Chumvi ilipanda kutoka Uvinza, na majembe ya chuma yalitoka kwa wahunzi Warongo wa upande wa Biharamulo na Geita. Biharamulo ilikuwa sehemu ya Usui, ambako mwaka 1861 mtawala Suwarora aliwatoza wasafiri John Hanning Speke na James Grant hongo kubwa, yaani ushuru wa njia, kabla ya kuwaachia waende kwa mfalme Rumanika wa Karagwe. Msafiri Henry Morton Stanley alifika Karagwe mwaka 1876 na kuuandika Mto Kagera kwa jina la mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza. Hakuna kati yao aliyelifuata bonde la Ruvubu.

Aliyelivuka ni Oscar Baumann, Mwaustria mwenye umri wa miaka 28, aliyetumwa na kamati ya Kijerumani ya kupinga utumwa. Msafara wake uliondoka Tanga mwanzoni mwa 1892, ukapita Ngorongoro, ambako alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari za bonde hilo, ukazunguka kusini mwa Ziwa Viktoria na kuelekea magharibi. Mwanzoni mwa Septemba 1892 ulivuka Ruvubu na kuingia Burundi. Kilichofuata ndicho kilichokijaza kitabu alichokitoa mwaka 1894.

Kwa maelezo yake mwenyewe, watu waliteremka vilimani kwa maelfu kumlaki. Walipiga ngoma, wakacheza, wakamfuata siku nzima na kumwita Mwezi. Baumann aliamini kwamba nasaba ya wafalme wa jina hilo ilikuwa imekwisha, na kwamba wananchi walimwona yeye, mtu mweupe kama mwezi, kuwa mfalme aliyerudi kutoka kwa mababu. Maelezo hayo yamerudiwa katika vitabu vingi na yanastahili kusomwa kwa uangalifu. Mwezi ni mojawapo ya majina manne ya enzi yaliyopokezana katika ufalme wa Burundi, pamoja na Ntare, Mutaga na Mwambutsa. Na wakati Baumann anachezewa ngoma, Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo alikuwa hai na anatawala, naye aliendelea kutawala hadi alipofariki mwaka 1908. Mgeni hakupelekwa kwake wala hakujua kwamba yupo. Huenda wengi waliomfuata walikuwa wanyonge walioona nafasi ya kupumua mbele ya machifu wao; kilicho wazi ni kwamba mgeni alisikia jina akalijaza maana aliyoitaka. Safari hiyo haikuwa ya ngoma peke yake, kwani bunduki za msafara zilifyatuliwa kwa wenyeji waliojaribu kuuzuia, jambo ambalo wasimuliaji wa hadithi ya mfalme mweupe hupenda kulipita haraka.

Tarehe 19 Septemba Baumann alifika kwenye chemchemi aliyoiona kuwa chanzo cha Ruvubu. Hesabu yake ilikuwa fupi: mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Viktoria ni Kagera, Kagera hutokana na Ruvubu, basi chanzo cha Ruvubu ndicho chanzo cha Nile. Vilima vya hapo vilihusishwa na wafalme wa jina la Mwezi, naye akatangaza kwamba ameipata pia Milima ya Mwezi iliyotajwa na wanajiografia wa kale.

Hesabu hiyo ilivunjwa Ngara. Mwaka 1898 daktari Mjerumani, Richard Kandt, aliyekuwa anasafiri kwa kujitegemea, alifika mahali Ruvubu inapokutana na Nyabarongo. Badala ya kuuliza mto upi unatoka mbali, aliuliza upi una maji mengi, akapima. Nyabarongo ilishinda. Kandt akaacha Ruvubu na kuufuata mto wa Rwanda, tawi kwa tawi, hadi chemchemi ya Rukarara katika msitu wa Nyungwe. Kitabu chake, Caput Nili, kilitoka mwaka 1904, na miaka mitatu baadaye yeye mwenyewe aliuanzisha mji wa Kigali.

Ubishi haukuisha. Miaka ya 1930 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, alirudi kwenye hoja ya umbali na kukitangaza chanzo cha Ruvyironza, tawi la Ruvubu, kuwa ncha ya kusini kabisa ya Nile. Hapo Rutovu, Burundi, pamejengwa piramidi ndogo, na watalii hupelekwa kuiona. Kigali nayo imeitunza nyumba ya Kandt kuwa makumbusho. Burundi ina ncha yake na Rwanda ina yake. Ngara ina makutano yenyewe, mahali pekee ambapo mtu anaweza kusimama akaiona mito yote miwili inayogombewa, na inapoteza sifa ambayo majirani wameitumia vizuri. Halmashauri inayotafuta watalii haina haja ya kujenga piramidi. Njia iliyofyekwa na kibao chenye majina mawili na miaka miwili vinatosha kuanzia.

Baada ya wapima mito walikuja wapima mipaka. Hata kabla ya Kandt, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alikuwa amevuka Kagera karibu na Rusumo Mei 1894 na kuingia Rwanda. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Kibelgiji yaliiteka Biharamulo mwezi Juni. Mkataba wa Milner na Orts wa 30 Mei 1919 uliligawa lililokuwa koloni la Ujerumani kati ya Waingereza na Wabelgiji. Waingereza walipewa hata ukanda wa Gisaka ndani ya Rwanda kwa ndoto ya reli, kisha wakaurudisha baada ya malalamiko ya Mwami Musinga wa Rwanda na wamisionari. Bugufi haikurudishwa. Ilibaki Tanganyika ingawa ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi, na mwaka 1948 Mwami Mwambutsa aliidai mbele ya ujumbe wa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Dai halikufanikiwa. Tangu hapo kijia cha kwenda kwa shemeji ng'ambo kikawa, kwenye karatasi, safari ya nje ya nchi.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliibadili ramani ya miguu. Nyumba zilizotawanyika vilimani zilikusanywa kando ya barabara, na vijia vilivyounganisha ua na ua vikapoteza wapitaji. Vile vya mashamba ya zamani na vya mtoni vilibaki.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24, na kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, ikawa kama mji mkubwa katika wiki chache tu. Wengi walirudishwa Desemba 1996. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa Aprili 2016, na magari ya mizigo yakaondoa sehemu kubwa ya mwendo wa miguu upande huo wa mzunguko.

Upande wa Murusagamba mwendo bado ni wa miguu na baiskeli. Kule chini, maji ya Ruvubu na ya Nyabarongo, ambayo Kandt aliyapima kila mto na wake, hupita pamoja katika mitambo mitatu ya Rusumo kabla ya kuendelea na safari ya Ziwa Viktoria.