Jiko Lisilo na Mvumbuzi

Mwaka 2019 ilitoka filamu iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor kuhusu William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyekatishwa masomo kwa kukosa karo wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akajifunza mambo ya umeme katika vitabu vya maktaba, kisha akaunda kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na vyuma vya kuokoteza. Filamu hiyo inastahili sifa kwa kueleza wazi kwa nini miti inakwisha: inakwisha kwa sababu ina mnunuzi, na muuzaji mara nyingi ni mkulima aliyebanwa na shida. Lakini ili kisa kienee katika saa mbili, kimenyooshwa. Kwenye filamu kinu kinasimama na maji yanafika shambani. Katika maisha yenyewe kinu cha kwanza kiliwasha taa na redio, na pampu ya maji ilikuja miaka kadhaa baadaye. Sinema zinazogusa mazingira zinaupenda mpangilio huu wa akili moja, chombo kimoja na siku moja ya ushindi, na wapangaji wa miradi nao wameuzoea, kiasi kwamba kila mwaka hutafutwa kijana mwingine na chombo kingine. Historia ya jiko la mkaa lenye kiuno na udongo ndani, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 na kuvuka mipaka yake, inakwenda kwa njia tofauti kabisa. Jiko hilo halina mvumbuzi mmoja wala siku ya ushindi, na nadai kwamba hiyo ndiyo sababu kubwa iliyolifanya lipunguze mkaa kweli, ilhali majiko mengi yaliyosanifiwa kwa ustadi zaidi yaliishia kuwa vyombo vya kuhifadhia mahindi.

Tuanze na jiko lililotangulia. Mafiga matatu yanafaa kwa kuni. Mkaa unahitaji chombo cha kuukusanya na kupitisha hewa chini yake. Jiko la bati linalojulikana Afrika Mashariki huhusishwa na mafundi na vibarua kutoka Bara Hindi waliokuja kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Mafundi bati wa hapa walilichukua na kulifanya lao, wakalikata kutoka mapipa ya mafuta na mabati yaliyotupwa: boksi au duara, wavu katikati, mlango wa kutolea majivu, na vishikio vitatu vya kuegemeza sufuria. Lilikuwa rahisi, jepesi, na kila mtaa ulikuwa na mtu wa kulitengeneza. Kasoro yake ilikuwa moja na kubwa. Bati hupitisha moto, kwa hiyo sehemu kubwa ya joto ilitoka ubavuni kwenda hewani, na vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kuwa asilimia 10 hadi 20 tu ndiyo iliyofika kwenye chakula. Mkaa wenyewe ulikuwa umeshagharimu miti mingi kabla ya kufika jikoni, maana tanuri la udongo la porini linahitaji tani 5 hadi 10 za magogo ili kutoa tani moja ya mkaa. Kila kilo iliyopotelea ubavuni mwa jiko jijini Nairobi ilikuwa na mzigo wa magogo nyuma yake, huko Ukambani au Bonde la Ufa.

Dunia ililitazama jambo hili baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973. Mwaka 1975 Erik Eckholm, mtafiti wa Marekani, aliandika kuhusu shida nyingine ya nishati, ile ya kuni, na kwa miaka kumi iliyofuata wataalamu wa vyuo na mashirika walishindana kubuni majiko. Jiko la Lorena la Guatemala, lililobuniwa baada ya tetemeko la 1976, ni mfano unaofundisha. Lilikuwa tonge kubwa la udongo na mchanga lenye matundu ya sufuria kadhaa na bomba la moshi, likasifiwa na kupelekwa nchi nyingi, za Afrika zikiwemo. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba mara nyingi halikuokoa kuni, na pengine lilikula kuni zaidi ya mafiga, kwa kuwa udongo ule mwingi ulimeza joto kabla sufuria haijapata lake. Waliolisambaza hawakuwa wazembe. Walikuwa watu wenye nia njema waliokosa njia ya kusikia jiko lilivyofanya kazi baada ya wao kuondoka, kwa sababu mpishi aliyepewa jiko bure hana mahali pa kulirudisha na wala hana bei ya kulalamikia.

Nairobi ilikuwa na kitu ambacho miradi mingine haikuwa nacho. Mwaka 1981 mji huo uliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu, na katika vuguvugu hilo ukazaliwa muungano wa mashirika ya Kenya ulioitwa KENGO, huku Wizara ya Nishati, kwa fedha za Marekani, ikiendesha mradi uliolitazama jiko la mkaa. Wazo la kuweka udongo uliochomwa ndani ya bati halikutoka Kenya. Lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand, ambalo wapishi wa huko walikuwa wakilitumia zamani. Lakini ndoo ile haikufaa kama ilivyo. Anayesonga ugali anasukuma sufuria kwa nguvu za mabega yote mawili, na jiko lililo jembamba chini linapinduka. Majaribio mengine ya wakati huo, kama jiko lililopewa jina la Umeme, yalijaza udongo kuanzia juu hadi chini; yakatunza joto vizuri lakini yakawa mazito na ya bei kubwa. Umbo lililokuja kushinda, ambalo Maxwell Kinyanjui anatajwa sana miongoni mwa waliolisukuma mbele, ni la vikapu viwili vilivyogeuziana vitako: juu mna bakuli la udongo lenye matundu, limeshikizwa kwenye bati kwa saruji, na chini mmeachwa wazi kwa hewa na majivu, kitako kikiwa kipana cha kukalia sakafu. Udongo ukapungua, uzito ukapungua, na bei ikafuata. Jiko hilo lilifikisha asilimia 25 hadi 40 ya joto kwenye sufuria, na nyumba iliyolitumia vizuri iliokoa robo hadi nusu ya mkaa wake.

Haya yote yangebaki kwenye ripoti kama yasingefika Shauri Moyo, Gikomba na Kamukunji, mitaa ya Nairobi, kwa mafundi wa jua kali, wanaofanya kazi zao nje peupe. Hao ndio waliolikamilisha jiko. Mradi uliwafunza, nao wakalibadilisha: wakapunguza mikato ya bati ili pipa moja litoe majiko mengi zaidi, wakatengeneza vipimo vidogo na vikubwa, wakaacha kazi ya udongo kwa wafinyanzi wenye matanuri na wao wakabaki na nyundo. Kazi ikagawanyika yenyewe kati ya mchimba udongo, mfinyanzi, fundi bati, anayeunganisha, na mama anayeuza sokoni. Jiko halikuwekewa hataza iliyomzuia mtu kuliiga. Halikutolewa ruzuku kwa mnunuzi. Fedha za wafadhili zilikwenda kwenye mafunzo, vipimo na maonyesho, na bei ikaachwa ipambane. Mwanzoni ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa wengi, kisha ushindani ukaiteremsha hadi kati ya dola 2 na 5. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 yalikadiriwa kuwepo majiko zaidi ya 700,000 nchini Kenya, katika zaidi ya nusu ya nyumba za mijini. Na kila jiko lililouzwa lilikuwa kura: mpishi ambaye udongo wa jiko lake ulipasuka mwezi wa pili alirudi kwa fundi akamweleza, na kama fundi hakusikia, akaenda kwa jirani yake. Hiyo ndiyo maabara ambayo Lorena haikuipata. Sitaki kusahau kwamba waliofanya vipimo katika maabara hiyo walikuwa karibu wote wanawake, na majina yao hayamo katika ripoti yoyote.

Yapo mapingamizi, na ya kwanza ni kwamba ninaupamba uhuru wa kuiga. Ni kweli kwamba soko lilijaa majiko mabovu, yenye udongo uliochomwa nusunusu na bati jepesi la kuoza upesi, ambayo hayakuokoa mkaa wa kutajika. Hasara hiyo ilibebwa na mnunuzi maskini. Lakini hebu fikiria jiko lenye hataza na kiwanda kimoja: lingekuwa zuri, lingekuwa ghali, na lingekaa kwenye maduka ya katikati ya mji. Jiko bovu lilikuwa na dawa yake karibu, kwani bakuli la udongo linaweza kubadilishwa bila kutupa bati, na mnunuzi wa pili alijifunza kugonga udongo kwa ukucha na kusikiliza mlio wake kabla ya kulipa. Pingamizi hili linapunguza ukubwa wa sifa za jiko, haliondoi hoja. La pili ni kwamba bila fedha na utafiti wa kigeni pasingekuwa na jiko lolote. Nakubali kabisa. Mafundi wa Kamukunji walikuwa wamepiga bati miongo mingi bila kuingiza udongo ndani yake, na wazo la Thailand lililetwa na watu waliolipwa kusafiri. Ninachosema ni kwamba wataalamu wale walifanya jambo adimu: waliacha kazi yao iharibiwe na kutengenezwa upya na watu wengine.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, na ni la kale. Mwaka 1865 mchumi wa Uingereza, William Stanley Jevons, alionya kuwa mashine zinazotumia makaa ya mawe kwa uangalifu zingeongeza matumizi ya makaa hayo, kwa sababu kitu kikiwa rahisi hutumiwa zaidi. Je, jiko bora halikuurahisisha mkaa na kuwavuta watu waliokuwa wakitumia mafuta ya taa? Kwa kiasi fulani, huenda lilifanya hivyo. Nyumba iliyookoa mkaa ingeweza kuamua kuchemsha maharage mara nyingi zaidi au maji ya kuoga. Lakini tumbo lina mpaka ambao kiwanda hakina. Familia haipiki chakula cha mchana mara mbili kwa kuwa mkaa umeshuka bei. Kilichoongeza mkaa jijini ni watu. Sensa ya 1979 ilihesabu wakazi wa Nairobi karibu 828,000, na ya 1999 ikahesabu zaidi ya milioni 2.1. Anayelipima jiko kwa kuuliza kama mkaa ulipungua jijini kote anauliza swali lisilofaa. Lifaalo ni kiasi gani kingekatwa kama watu hao wote wangepikia bati tupu. Serikali nazo zimejaribu njia fupi, Tanzania kwa kupiga marufuku mkaa mwaka 2006 na Kenya kwa kusimamisha ukataji katika misitu ya umma kuanzia Februari 2018. Marufuku ya Tanzania ilidumu muda mfupi tu, maana jioni ilifika na watu walitaka kupika.

Pingamizi moja silijibu, kwa sababu ni la kweli lote. Jiko la udongo halikuyamaliza madhara ya mkaa kwa mwili. Moto wa mkaa hauna moshi mwingi kama wa kuni, lakini unatoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na watu wamekufa usingizini kwa kuingiza jiko chumbani usiku wa baridi. Wabunifu walitazama mkaa uliookolewa, wapishi wakatazama fedha na uzito, na hewa ya chumbani ikakosa msemaji. Njia ya soko husahihisha kile ambacho mnunuzi anakihisi. Madhara yasiyoonekana yanahitaji mtu mwingine wa kuyasimamia, na hapo serikali na wanasayansi hawana mbadala.

Jiko lenyewe liliendelea kusafiri. Liliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1980, likafika Uganda, Rwanda na Malawi, na nchini Ethiopia likapata mrithi anayeitwa Lakech. Kote huko mafundi walilikata upya kufuatana na sufuria na vyakula vyao. Kenya magharibi, bakuli la udongo liliachana na bati kabisa, likajengewa ndani ya jiko la kuni, na vikundi vya wanawake wafinyanzi wakawa watengenezaji wake wakuu. Sasa zamu imekuwa ya gesi na umeme. Mkakati wa Tanzania uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya wananchi wapikie nishati safi ifikapo 2034, na kwa ajili ya mapafu ya wapishi natamani ufaulu. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mtungi unanunuliwa kwa mkupuo ilhali mkaa unauzwa kwa kopo, kadiri ya fedha ya siku. Mita za gesi za kulipia kidogo kidogo, ambazo zimeanza kutumika Nairobi na Dar es Salaam, zinaijibu shida hiyo, na inafaa kuuliza mapema ni nani atakayeruhusiwa kuzifungua na kuzitengeneza. Vali ya mtungi haipaswi kuguswa na asiyefunzwa. Lakini kichomeo kilichoziba, kishikio kinachoyumba wakati wa kusonga ugali, na waya wa jiko la umeme la presha uliokatika ni kazi ambazo mafundi wa Kamukunji au wa Gerezani, Dar es Salaam, wanaweza kufunzwa sasa, kabla vyombo hivyo havijaanza kurundikana uani vikiwa vizima isipokuwa kwa kitu kimoja kidogo.