Sabato Katika Nchi Isiyo na Giza

Sisi tumezoea kuona jua likichwa karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima. Lakini huko Trondheim, mji wa Norwei, mwezi wa Juni jua huchwa baada ya saa tano za usiku, wala giza halifiki. Basi Wayahudi wa mji ule waishikeje Sabato, ambayo kwa sheria huanza Ijumaa jua lichwapo, na kwisha Jumamosi zionekanapo nyota tatu? Sheria yawapa ruhusa kuipokea mapema: mama huwasha mishumaa kungali mchana, na divai na mkate hubarikiwa jua likiwa juu.

Usharika wao ni mdogo, nao ulianza mwaka 1905. Sinagogi yao, iliyowekwa wakfu mwaka 1925, kwanza ilikuwa stesheni ya gari la moshi. Mwaka 1941 Wajeremani, walioiteka nchi, waliwanyang'anya nyumba hiyo wakaifanya kambi ya askari. Ndipo Wamethodisti wa mji wakawapa Wayahudi chumba cha kusalia ndani ya kanisa lao, wakawafichia na magombo ya Torati. Jambo hili halikuwa dogo, kwa hatari ya siku zile.

Mwaka 1942 Wayahudi walikamatwa, na wengi wakauawa Auschwitz. Waliosalia walikuwa wachache, na desturi ya kale yataka wanaume kumi ndipo sala ya pamoja itimie. Hata hivyo, mwaka 1947 sinagogi iliwekwa wakfu mara ya pili.