Kipimo cha Kaswende: Kutoka Maabara ya Mbali Hadi Kliniki Yako

Leo tuzungumzie kipimo ambacho wengi wetu tumepimwa kliniki bila kuelezwa kilikotoka.

Kaswende yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kidonda wala maumivu. Mama mjamzito hujiona mzima, kumbe ugonjwa unamfikia mtoto tumboni. Mimba yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa mfu ama mgonjwa. Ndiyo sababu hatungoji dalili, tunapima damu.

Kipimo cha kwanza cha damu kilitengenezwa Ujerumani mwaka 1906 na daktari August von Wassermann na wenzake. Mwaka 1943, huko Marekani, ilionekana kwamba penisilini huponya kaswende. Basi kipimo kilikuwapo na dawa ikapatikana. Kazi iliyobaki ilikuwa kumfikia mama.

Hapa Kenya, kwa muda mrefu damu ilichukuliwa kliniki na kupelekwa maabara ya mbali. Wewe mama wajua: ukiambiwa urudi wiki ijayo, na mahindi yangoja palizi, na nauli hakuna, utarudi? Wengine walijifungua kabla ya kutibiwa.

Mwaka 1992 kliniki za Nairobi zilianza kupima papo hapo na kutibu siku ile ile. Akina mama zaidi ya 13,000 walipimwa. Kati ya waliopatikana na kaswende, karibu 9 katika kila 10 walitibiwa. Lakini kwa wenzi wao, ni nusu tu waliotibiwa. Mama akitibiwa peke yake, aweza kuambukizwa tena nyumbani.

Siku hizi kuna kipimo kimoja cha kaswende na virusi vya UKIMWI, kwa damu ya kidole. Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza kwa wajawazito mwaka 2019. Majibu huyapata kabla hujaondoka.

Kwa hivyo, mama, anza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Ukipatikana na kaswende, choma sindano mapema, angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Mlezi mwenye binti mjamzito, msindikize. Na baba watoto naye apimwe. Aliyepimwa kwanza si lazima awe ndiye aliyeleta ugonjwa. Ukihofia ugomvi, mwambie muuguzi kabla hujarudi nyumbani, mshauriane namna ya kumwita.